Starehe Hubebwa: Namna ya Kushinda Siku Moja Nchi Kavu kwenye Pwani ya Jangwa la Oman

Ukitoka Mirbat, katika Dhofar, ukaifuata pwani ya Oman kuelekea Ras al Hadd, utapita fukwe ambazo mtu anaweza kushinda kutwa nzima asione nyayo isipokuwa za kaa na za ngamia. Kuna mahali majabali yanashuka mpaka majini, na kuna mahali mchanga unaanzia mawimbi yanapokomea ukaendelea mpaka macho yachoke. Kati ya kijiji na kijiji zimo maili nyingi zisizo na mtu. Kwa baharia aliyekesha zamu mbili tatu kwenye usukani, hapa ni pahali pazuri pa kutia nanga na kunyoosha miguu.

Lakini aliyezoea kushuka Lamu, Kizimkazi au Mafia itabidi abadili mazoea. Kwetu ukishuka pwani unakuta mnazi wa kivuli, dafu, kisima cha msikiti na mama anayeuza vitumbua. Huku hakuna hata kimoja. Pwani ya jangwa inatoa nafasi na utulivu. Kivuli, maji, chakula na njia ya kurudi vyote huteremshwa kutoka chomboni. Kwa hiyo siku ya kupumzika huku inataka maandalizi kuliko siku ya kusafiri, na anayeshuka mikono mitupu kwa kuwa "tunakwenda kupumzika tu" hurudi saa 6 mchana amebabuka, ana kiu na amenuna.

Mbinu zifuatazo zinakihusu chombo cha matanga chenye watu wawili hadi sita, na mashua ya mpira ya kushukia.

Chagua majira, kisha chagua siku

Pwani hii inatawaliwa na pepo zile zile tunazozijua mwambao wa Afrika Mashariki. Kaskazi iliyokuwa ikiyaleta majahazi ya Sur mpaka Lamu, Mombasa na Unguja ndiyo inayofungua msimu wa kutembea huku. Kusi ya Juni hadi Septemba inaufunga: bahari inachafuka, Dhofar inafunikwa na ukungu na manyunyu, na wavuvi wengi huvuta mashua zao juu. Vipindi vya katikati navyo si vya kuchezea, kwa kuwa ndivyo vya vimbunga. Gonu ilipiga Juni 2007, Mekunu ikaingia Dhofar Mei 2018, na Shaheen ikaja Oktoba 2021. Anayetaka kustarehe achague Desemba hadi Machi.

Hata ndani ya miezi hiyo mizuri kuna upepo mmoja wa kuuheshimu. Unaitwa belat. Unatoka bara, unavuma kwa nguvu kuelekea baharini, na unabeba vumbi la jangwa. Hatari yake kwa anayeshuka ni moja na ni kubwa: mashine ya mashua ikizimika, upepo unakupeleka bahari kuu badala ya kukurudisha ufukweni. Ukiamka ukaona upande wa nchi kavu umefunikwa na utando wa rangi ya kahawia, na hewa ni kavu na baridi kuliko jana, siku hiyo kaa chomboni. Ongeza amari, soma kitabu.

Ukishapata siku tulivu, fungua jedwali la maji. Siku iliyo bora ni ile ambayo maji yamejaa kwenye saa 2 asubuhi, yanakupwa kufikia saa 8 mchana, kisha yanaanza kujaa tena alasiri. Hapo utashuka bila kuburuta mashua mbali, utapata mchanga mgumu wa kutembelea maji yakitoka, na jioni bahari itakuwa inakusogelea wakati wa kuondoka. Soma urefu pia, usisome saa peke yake, kwa sababu huku maji mawili ya siku moja mara nyingi hayalingani. Epuka bamvua pahali penye fungu la mchanga tambarare, kama pande za Barr al Hikman mkabala na kisiwa cha Masirah. Maji yakitoka pale, mashua yako itabaki imekaa juu ya tope, na bahari utaiona kwa mbali.

Kabla ya yote hayo, kamilisha makaratasi. Kuingia nchini hufanyika kwenye bandari rasmi kama Salalah au Muscat. Ukiwa hapo, waeleze wahusika unakusudia kutia nanga wapi na wapi njiani, uulize kama kuna sehemu iliyofungwa. Masirah ina kambi ya jeshi la anga, kwa hiyo kamera ibaki mfukoni karibu na uwanja wake. Taarifa za usalama wa bahari za UKMTO, ofisi ya Uingereza inayotahadharisha vyombo, nazo zipitiwe kabla ya kuanza safari.

Pakia mizigo usiku wa kuamkia

Mizigo inayofungwa asubuhi, kila mtu akiwa na hamu ya mchanga, husahau kitu. Fungeni usiku, mkiwa na taa na chai. Vitu vya lazima si vingi:

- Maji ya kunywa lita 4 kwa kila mtu, yagawanywe katika vyombo kadhaa. Dumu moja likipinduka au likipasuka, siku isiharibike. Ongeza dumu moja la akiba lisiloguswa mpaka wakati wa kuondoka.
- Turubai la mita 3 kwa 4, pondo mbili au makasia marefu ya kusimamishia, kamba, na mifuko minne mitupu ya nguo ngumu.
- Redio za mkononi zilizojaa chaji, dira ndogo na darubini.
- Makasia ya mashua, nanga yake ndogo yenye kamba ndefu, pampu na upo wa kufulia maji. Hivi haviondoki ndani ya mashua hata siku moja.
- Viatu vinavyofunika vidole, kofia pana, shati la mikono mirefu, na kanga mbili tatu. Kanga ni kilemba, ni taulo, ni pazia, ni bandeji.
- Dawa: mafuta ya kuzuia jua, pakiti za chumvi na sukari za ORS, bandeji, kibano cha kutolea miiba, dawa ya maumivu.
- Kiberiti ndani ya chupa yenye kifuniko, na tochi, hata kama mna hakika mtarudi kabla ya magharibi.

Kila kitu kiingie kwenye mifuko isiyopitisha maji, na mifuko ifungwe kwenye mashua. Mzigo usiofungwa ni wa bahari.

Jambo la mwisho la usiku ni kuamua nani atabaki. Upepo ukiwa na mashaka hata kidogo, mtu mmoja abaki chomboni, abadilishwe saa 6. Kama bahari ni shwari na nanga imelala vizuri kwa usiku mzima, wote mnaweza kushuka, lakini chomekeni vijiti viwili ufukweni, kimoja mbele ya kingine, vikiwa vimelingana na mlingoti. Chombo kitayumba kushoto na kulia kikirudi penye mstari. Kikienda upande mmoja kisirudi, nanga inaburuzika, na mtu aende mara moja.

Kushuka bila kulowa zaidi ya paja

Hata siku ya shwari, bahari ya Arabuni ina mawimbi marefu yatokayo mbali ambayo kutoka chomboni huyaoni yakivunjika. Unaona migongo yake tu, laini. Sogea kwa mashua mpaka nje kidogo ya pale yanapovunjika, usimame, utazame. Mawimbi huja kwa makundi: makubwa machache, kisha kipindi cha madogo. Subiri makubwa yapite, uingie nyuma ya la mwisho kwa mwendo ule ule wa wimbi, usilipande wala usiache linalofuata likufikie kwa nyuma.

Anayeshika mashine ajifunge kamba ya kuizimia mkononi. Maji yakifika kina cha paja, azime, ainue mashine, na watu washuke pembeni mwa mashua, wakiishika kwenye kamba za ubavuni. Asisimame mtu kati ya mashua na ufukwe. Wimbi dogo la kiunoni likiisukuma mashua iliyobeba mashine na madumu ya maji, uzito huo unatosha kumvunja mtu goti. Watoto na wazee washuke mwisho, mashua ikiwa imeshashikwa imara.

Mkiwa ndani ya maji tembeeni kwa kuburuza nyayo. Taa na samaki wengine wa mchangani wakisikia mtikisiko huondoka. Ukimkanyaga taa kwa ghafla, atakuchoma.

Mashua ivutwe mpaka juu ya alama ya maji ya jana, ule mstari wa mwani mkavu na vipande vya povu. Kisha nanga yake ifukiwe mchangani. Wengi hufikiri kuivuta kunatosha. Wimbi moja kubwa kuliko wenzake halijui hivyo.

Kivuli kabla ya kuogelea

Kazi ya kwanza mkiwa nchi kavu ni kivuli, hata kama jua bado ni la asubuhi na watoto wanalilia maji. Ukikiacha mpaka joto lije, utakijenga vibaya.

Vigingi vya hema havishiki mchanga mkavu. Chukua ile mifuko minne, ijaze mchanga, uifunge kamba katikati. Chimba shimo la kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, laza mfuko ndani ukiwa umekingama na kamba, ufukie na ukanyage. Mfuko huo hautoki hata upepo ukipandisha. Pondo mbili zisimame upande mmoja tu wa turubai. Upande wa pili ushuke karibu na mchanga.

Upande wa chini uelekee wapi? Pwani hii kwa sehemu kubwa inatazama mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linatoka baharini moja kwa moja. Mwezi wa Desemba, jua la saa 6 mchana halikai utosini, limeinama kusini. Kwa hiyo upande wa chini wa turubai uelekee kusini mashariki, na mikeka itandikwe upande wa kaskazini. Kivuli kitakaa na nyinyi tangu asubuhi mpaka saa 8 bila kuhamishwa, na mchanga unaopeperushwa na upepo wa baharini utapita juu. Acheni upenyo upande ulio juu ili hewa izunguke.

Baada ya saa 9 mambo yanageuka. Jua likienda nyuma ya majabali, kivuli cha majabali yenyewe hufika ufukweni, na hicho ni kizuri kuliko cha turubai lolote. Kaeni mbali na mguu wa jabali lenyewe, hasa mkiona mawe mapya yaliyoanguka. Mkondo wa bonde nao usiwe pa kupumzikia, hata ukiwa mkavu kwa miaka. Mvua ikinyesha milimani msikoiona, maji hushuka kwa ghafla.

Matembezi: usiamini macho

Ibn Battuta alifika Kilwa karibu na mwaka 1331, na kutoka Kilwa akapanda chombo mpaka Dhofar. Baadaye, akipita pwani hii hii, chombo chake kilitia nanga Sur. Akaona mji wa Qalhat chini ya mlima, ukaonekana karibu, naye alikwisha kuwachoka watu wa chomboni. Akaambiwa akitembea atafika alasiri. Alichukua mmoja wa mabaharia kuwa kiongozi, akaenda na mwenzake kutoka India. Yule kiongozi alikuwa na tamaa na nguo zao. Wakavuka hori, wakaingia makorongo, maji yakawaishia, kiu ikawashika mpaka mpanda farasi mmoja akawapa cha kunywa. Usiku ukawaingilia, wakalala kando ya njia. Alifika Qalhat asubuhi ya pili, miguu imevimba ndani ya viatu hadi kukaribia kutoka damu kwenye kucha. Kutoka Sur hadi Qalhat ni kilomita 20 hivi.

Yaliyompata msafiri mzoefu kuliko sote ndiyo yanayompata kila mgeni wa jangwa. Hakuna mti wala nyumba ya kupimia umbali, hewa ni safi, na makorongo hayaonekani mpaka uwe ukingoni mwake. Kilima unachokikadiria nusu saa ni saa mbili. Zaidi ya hapo, miguu iliyokuwa chomboni wiki nzima imelegea, na mchanga mkavu unakula nguvu.

Kanuni ya kufuata ni ya theluthi. Gawa maji na muda mara tatu: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya dharura. Theluthi ya kwanza ikiisha, geuka, hata kama kilele kiko hatua mia mbele. Anza matembezi saa 2 na nusu asubuhi, uwe kivulini kabla ya saa 5. Msiende mtu mmoja mmoja. Wanaobaki waambiwe mnaelekea wapi na mtarudi saa ngapi, na redio iongee kila baada ya saa moja.

Simamisheni fimbo ndefu juu ya tuta la mchanga, ifungwe kanga nyekundu. Ukishapita tuta la pili hutaona bahari wala mlingoti, na matuta yote yanafanana. Kabla ya kuondoka, pima kwa dira kanga iko upande gani.

Mahali pa kutazama ni pengi. Maji yakitoka, kwenye miamba kuna vidimbwi vyenye kaa, matumbawe madogo na samaki wachanga. Kombe zenye umbo la pia zilizo hai msizishike, zina sumu. Magogo yaliyotupwa na bahari yageuzwe kwa fimbo, kwa sababu nge na nyoka hupumzika chini yake. Viatu vilivyovuliwa vikung'utwe kabla ya kuvaliwa.

Saa za jua: fanyeni kidogo

Kuanzia saa 5 mpaka saa 9 hakuna ratiba, na hiyo ndiyo siku yenyewe. Kuleni, laleni, ogeleeni karibu, someni. Anayetaka kazi apewe darubini. Kati ya visiwa vya Hallaniyat na Masirah kuna nyangumi wenye nundu ambao, tofauti na wenzao wa bahari nyingine, hawahami kwenda ncha ya dunia. Wanaishi Bahari ya Arabuni mwaka mzima, nao ni wachache. Mvuke wao huonekana kutoka ufukweni siku ya shwari.

Kunyweni maji kabla ya kiu. Dalili za mwanzo za joto ni mtu kunyamaza, kichwa kuuma na kukasirika ovyo. Mkimwona mwenzenu hivyo, mwekeni kivulini, mloweshee kanga kwa maji ya bahari mumfunike shingoni, na mpeni ORS kidogo kidogo. Akichanganyikiwa au akiacha kutoka jasho, siku imekwisha. Mrudisheni chomboni na muite msaada kwa chaneli 16.

Moto na chakula

Chakula cha mchana kiwe chepesi na kisiwe na masharti: wali wa jana, tende, ndimu, mkate, na samaki mliyemvua njiani au kumnunua kwa wavuvi. Kambakoche na abaloni msiwaguse. Huku wana misimu yao na vibali vyake, na wenyeji wanaishi kwa hao.

Moto uwashwe chini ya alama ya maji kujaa, kwa kuni zilizoletwa na bahari. Mbao zenye rangi au misumari ya chombo kilichovunjika ziachwe. Changu au kolekole akipasuliwa mgongo, akatiwa chumvi na ndimu, akabanwa kwa vijiti juu ya makaa, hahitaji zaidi. Mkimaliza, zimeni makaa kwa maji ya bahari, ndoo baada ya ndoo, mpaka mkono ukae juu yake. Msiyafukie. Makaa yaliyofukiwa hubaki na moto kwa saa nyingi, na anayekuja kuyakanyaga ni mtoto wa mvuvi au ngamia.

Choo kichimbwe mbali na bonde na mbali na alama ya maji, shimo la kina cha kiganja na zaidi, karatasi zichomwe. Takataka zote zirudi chomboni.

Mkikuta watu

Pahali palipoonekana patupu asubuhi huenda pakatokea gari la wavuvi adhuhuri. Kila ngamia mnayemwona ana mwenyewe, na kila ufukwe una watu wanaoutumia. Mkikuta dagaa wameanikwa mchangani, zungukeni. Wamekaushwa kwa ajili ya mifugo, na desturi hiyo ni ya zamani: Ibn Battuta naye aliikuta Dhofar. Papa waliokaushwa kwenye pwani za Arabuni wamelisha Unguja na Mombasa kwa vizazi.

Salamu ianze na mgeni: "Salaam alaykum," kwa sauti ya kusikika, mkiwa bado mbali kidogo. Vaeni kanga na mashati kabla ya kuwasogelea. Mzee aitwe ammi. Kwenye kambi nyingine wavuvi ni vibarua kutoka Bangladesh na India, na tabasamu na samaki mkononi vitafanya kazi ya lugha. Kijijini Hasik na visiwani Hallaniyat watu husema lugha yao pamoja na Kiarabu. Sur na Muscat, usishangae ukijibiwa kwa Kiswahili. Waomani wengi walitoka Unguja na Pemba baada ya mapinduzi ya 1964, na wengine walirudi Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970. Kwa wakubwa wao, shikamoo inapokewa vizuri.

Mkikaribishwa kahawa, kaeni, hata kama mna haraka. Tende hutangulia. Finjani hupokewa kwa mkono wa kulia, inajazwa kidogo tu, na mwenyeji ataendelea kuijaza kila inapokwisha. Ukitosheka, itikise finjani kidogo kushoto na kulia unapoirudisha. Bila hivyo utakunywa mpaka usiku. Msipige picha bila ruhusa, na wanawake msiwaelekezee kamera kabisa. Ikiwa ni Ramadhani, kuleni mbali na macho ya watu. Pombe isishuke chomboni. Mkiwa na biskuti, matunda au mkate mliooka, wapeni. Ni vitu vinavyopungua kambini.

Vitu vya kuachwa vilipo

Ufukwe wenye michirizi mipana inayotoka majini na kurudi ni wa kasa. Kasa wa kawaida hutaga Ras al Hadd na Ras al Jinz mwaka mzima, na Masirah ni mojawapo ya sehemu kuu duniani za kasa duvi, ambao idadi yao imepungua sana. Msitandike mikeka wala kuwasha moto juu ya michirizi hiyo. Mashimo mliyochimba yafukieni, kwa sababu kasa huanguka ndani usiku. Ras al Jinz ni hifadhi, na huingiwa kwa utaratibu wa hifadhi pamoja na waongozaji.

Vigae, mawe yaliyochongwa na vipande vya lami ya kale navyo si vya mfukoni. Ras al Jinz zilipatikana lami zilizopakwa vyombo vya matete zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kwenye kisiwa cha Al Hallaniyah ilizama Esmeralda, meli ya msafara wa Vasco da Gama, mwaka 1503. Mabaki yake yaligunduliwa 1998, na wachunguzi walipoyafukua kuanzia 2013 walipata kengele na sarafu. Kigae kimoja kikihamishwa, mtaalamu anayekuja baadaye anapoteza habari yake. Kipige picha, kiache.

Saa ya kurudi

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Saa ya kurudi ipangwe kabla ya kushuka, na isijadiliwe ufukweni. Majira ya baridi jua la upande huu linazama karibu na saa 12 jioni na giza huingia upesi, kwa hiyo saa 10 na nusu turubai liwe limekunjwa. Dumu la akiba lifunguliwe sasa, kila mtu anywe. Fukueni mifuko ya mchanga, hesabuni vitu, hesabuni watu.

Kuondoka ni kinyume cha kuingia. Omo ya mashua itazame bahari wakati wote. Washeni mashine mkiwa kwenye kina kinachotosha, makasia yakiwa tayari mikononi. Subirini kundi la mawimbi makubwa lipite, kisha nendeni bila kusita. Kusita katikati ndiko kunakopindua mashua. Upepo ukiwa umegeuka na unatoka bara, pelekeni mzigo mwepesi kwanza, na mashine ikizima, tupeni nanga ya mashua papo hapo kabla ya kuanza kuitengeneza.

Kwa anayeanza, nashauri jaribio la kwanza lifanyike Mirbat, karibu na mji na watu, kwa saa tatu za asubuhi tu. Jengeni kivuli, tembeeni theluthi moja, rudini mle chomboni. Mkiona mifuko imeshika, maji yamebaki na hakuna aliyebabuka, pwani ya Ras Madrakah na visiwa vya Hallaniyat itawafaa. Mkiona kitu kimepungua, kipungue mkiwa bado mnaona duka.